Nyumba Isiyoenea Kwenye Skrini

Mji wa Kale, Mombasa
11 Machi 1996

Kaka Twalib,

Salamu zangu na za Mama zikufikie huko Dubai zikukute mzima. Sisi hatujambo. Goti la Mama humsumbua asubuhi, kisha huacha. Mvua bado. Yule paka wa ngazini, uliyemwacha mdogo wa kulala ndani ya kofia, amekufa kwa uzee.

Mzigo wako umefika. Tsuma aliutoa bandarini, akauleta kwa teksi yake mpaka gari linapoishia, kisha akayabeba maboksi begani kichochoroni, moja baada ya jingine. Tumeufungua kwa desturi. Mama aliketi katikati ya ukumbi, kila kitu kikapita mikononi mwake kwanza, na kila aliyekuwepo akaondoka na chake. Sabuni zimekwenda, vitambaa vimekwenda, tende zimekwenda. Mimi nimeachiwa kompyuta na skrini yake.

Sasa malalamiko. Nilikuomba meza ya kuchorea, kwa kuwa yangu imeliwa na mchwa, na kalamu za wino. Ukasema hayo ni mambo ya kale, utaniletea mashine na kazi nitaimaliza kwa wiki mbili. Sikukataa. Kuchora kwa kompyuta nilijifunza ofisini kabla hawajafunga. Lakini hii uliyoleta picha yake ni mbovu. Herufi ni kubwa kama za bango la sinema. Mstari wa mshazari unatoka meno kama msumeno. Nikifungua mchoro wa nyumba yetu, skrini inanionyesha mlango na nusu ya baraza. Nikitaka kuliona wikio, kile chumba cha daraja juu ya kichochoro analolala Mama, lazima niusogeze mchoro, na mlango unatoweka. Nyumba haienei. Skrini ya ofisini ilikuwa na ukubwa huu huu, na jumba zima lilienea. Mama peke yake ndiye anayeifurahia hii. Hukaa mbele yake kuliko mimi.

Haraka yangu waijua. Bi Loise, wa ofisi inayohifadhi majumba ya zamani, amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Ataka michoro ya kila ghorofa pamoja na wikio, na sahihi za warithi watatu: Mama, wewe, mimi. Tukikubaliwa, hakuna atakayeivunja nyumba hii, awe ameinunua au la. Tusipokubaliwa, mlango u wazi kwa kila mwenye sururu.

Na hapo nina swali. Dalali Gunga alinisimamisha Makadara mbele ya watu akaniambia, "Mwambie kaka yako nangoja neno lake." Neno gani? Wataka kuiuza nyumba? Nijibu ndiyo au la.

Nduguyo,
Mahfudha


Dubai
2 Aprili 1996

Mahfudha,

Nami nawasalimu nyote. Ni mzima, kazi nyingi, joto limeanza kuonyesha meno. Pole kwa paka. Namletea Mama dawa ya kuchua goti kwa mtu anayesafiri wiki ijayo.

Mashine si mbovu. Niliiunganisha kwa mikono yangu, nikaiwasha hapa kwa skrini hiyo hiyo, na picha ilikuwa ya nukta 1024 kwa 768. Unayoyaeleza ni ya nukta 640 kwa 480. Ukubwa wa kioo haukubadilika. Nukta ndizo chache, kwa hiyo kila kitu kimekuwa kikubwa na kidogo tu ndicho kinachoenea. Fanya hivi. Zima vyote. Chomoa waya wa skrini nyuma ya mashine, utazame vipini vya ndani kama kuna kilichopinda. Uchomeke tena, ukaze skrubu zote mbili. Washa skrini kwanza, kompyuta baadaye. Ikishawaka, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, ufungue mipangilio ya skrini. Utaona kipimo cha kusukuma, upande mmoja nukta chache, upande wa pili nyingi. Sukuma kuelekea nyingi.

Usiguse kingine chochote. Nakujua. Redio ya Baba uliivunja ukitafuta watu waliokuwa wakisema ndani.

Mbona Mama hakuandika mstari wake? Tangu nilipoondoka, hakuna barua iliyokuja bila mstari wake chini, kwa herufi zake za Kiarabu. Hii haikuwa nao.

Hayo mengine tutayazungumza.

Twalib


Mji wa Kale
20 Aprili 1996

Kaka,

Tu wazima, na dawa imefika. Mama asema inanuka kama karakana, lakini anaipaka.

Nimefanya kama ulivyoagiza na kwa mpango ulioagiza. Kipini kimoja kilikuwa kimepinda. Nimekinyosha kwa kibano cha nywele. Skrubu zimekazwa. Skrini kwanza, kompyuta baadaye. Nimefika kwenye kipimo nikakisukuma. Hakisogei. Kinarudi kama mlango wenye mtu nyuma yake. Rangi nazo zimeandikwa kumi na sita, basi, na hilo nalo halibadiliki. Penye jina la kadi ya picha hapana jina la kampuni yoyote, pameandikwa tu kwamba ni ya kawaida. Nimezima na kuwasha tena mara kadhaa, na stima ikatusaidia kwa kuzimika yenyewe mara mbili. Matokeo ni yale yale.

Redio ya Baba uliivunja wewe. Mimi nilishika tochi.

Mama hakuandika kwa sababu alikuwa na shughuli. Anakusalimu.

Gunga amepita tena chini ya dirisha, akatazama juu na kuandika kitu. Ulisema tutazungumza. Simu ya nyumbani ilikatwa Desemba, na wewe huji. Tutazungumza kwa nini, kwa moshi? Nakuuliza mara ya pili. Wataka kuiuza nyumba?

Mahfudha


Dubai
19 Mei 1996

Mahfudha,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Sasa nimeelewa. Kosa si la waya wala la skrini. Kompyuta haiijui kadi ya picha iliyomo tumboni mwake. Kila kadi ina programu yake ya kuiongoza, na bila programu hiyo mashine inajikokota na ile picha ya dharura ya nukta 640 kwa 480 na rangi kumi na sita, hata uisukume kwa tingatinga. Lazima niliifuta nilipoisafisha kwa ajili yako. Lakini programu nilikuwekea. Imo kwenye CD, ndani ya bahasha nyeupe niliyoibandika upande wa ndani wa boksi la skrini. Niliibandika mwenyewe. Itie mashineni, uifuate inavyokuelekeza, uzime na kuwasha. Kazi ya robo saa.

CD iko wapi? Ningetaka jibu la hilo kabla ya matusi.

Kuna mtu katoka Mombasa, asema siku hizi Kizingo kuna nyumba za chini zenye ua, na gari linaingia mpaka mlangoni. Mtu wa umri wa Mama hapandi ngazi hata moja. Kimya, miti, hewa. Nasema tu.

Mwambie Mama nangoja mstari wake.

Twalib


Mji wa Kale
8 Juni 1996

Kaka,

Wazima. Mvua imenyesha, paa limevuja pale pale.

CD haimo kwenye boksi. Bahasha ipo, tupu, na gundi yako bado inanata. Mahali ilipo napajua. Jinsi ilivyofika huko sitakuandikia, na kuichukua siwezi kwa sasa. Nitafutie nyingine.

Wewe "wasema tu." Gunga naye husema tu. Nimepita Kizingo wiki hii kwenda kumwona mtu. Barabara nzima sikukutana na mtu kwa miguu. Watu wa huko hutoka getini ndani ya gari na kurudi getini ndani ya gari. Muuza kahawa hapiti. Muuza mkate wa mofa hapiti. Hapa Mama aketi dirishani kwenye wikio, na kabla ya adhuhuri ameshajua nani mgonjwa, nani kaolewa na nani kagombana. Huko atasikia geti.

Wakati wewe huna jibu mimi nafanya kazi. Nachora nyumba vipande vipande, kwa kuwa ndivyo skrini inavyonipa. Nachora kipande, nasogeza, nachora cha pili, na pale vinapoungana nakisia. Nilimpelekea Bi Loise nakala ya kwanza. Ameifunua mezani, akainamisha kichwa upande, akasema, "Dada Mahfudha, chumba hiki kinaning'inia hewani." Alisema kweli. Ukuta wa wikio ulipishana na ukuta wa nyumba kwa shibiri nzima, na mimi sikuuona kwa kuwa sijapata kuona vyote viwili kwa pamoja. Nimeanza upya.

Mara ya tatu. Wataka kuiuza?

Mahfudha


Dubai
14 Julai 1996

Mahfudha,

CD nyingine hakuna. Nimezunguka Deira siku ya mapumziko yangu kwenye jua la kuchoma kichwa. Duka lililoniuzia kadi limehama, na wengine hawaijui aina hiyo. Kisha naisoma barua yako tena: unajua iliko, na huichukui! Mchezo gani huu? Nimekutumia mashine nzima kutoka ng'ambo, na kazi imekwama kwa kitu chepesi kama kitambaa cha shingo, kilicho mjini humo humo, na wewe waniambia hutaniandikia. Au umekificha ili upate cha kunilaumu?

Hii ni barua ya tatu bila mstari wa Mama. Kama ana hasira nami, aandike hasira. Mama hajapata kuninyima neno.

Unataka jibu, jibu halitoki hewani. Nimemwagiza Gunga aje apime vyumba, tujue tunazungumzia kitu gani. Kupima si kuuza. Atakuja mwisho wa mwezi. Mpe chai.

Twalib


Mji wa Kale
2 Agosti 1996

Twalib,

Leo sikuulizi hali.

Gunga alikuja Jumatano baada ya adhuhuri, na mtu wa pili wa kumshikia utepe. Mimi nilikuwa kwa Bi Loise. Walitaja jina lako mlangoni, Mama akawafungulia. Ili utepe unyooke ukumbini walikisogeza kiti cha enzi cha Babu, kile kikubwa cha mbao, kutoka ukutani, wakakiacha katikati. Walipima, wakaenda zao. Hawakukirudisha. Alasiri Mama alitoka kwenye wikio kwenda kutawadha, akakikwaa kwa miguu yote miwili, akaanguka. Paji la uso limepasuka, limeshonwa nyuzi nne. Mkono wa kulia umevimba; haukuvunjika.

Utauliza, ukumbi una mwanga saa ile, hakukiona? Hakukiona. Mama haoni.

Ilianza mwaka jana, jicho la kushoto kisha la kulia. Nimempeleka kwa madaktari wawili. Si mtoto wa jicho, hakuna cha kupasua. Ni mshipa wa ndani, na uliokufa umekufa. Anaona mwanga. Anaona kitu kikubwa cheusi juu ya cheupe akikikaribia. Zaidi ya hapo hapana. Aliniapisha nisikuandikie. Maneno yake ni haya: "Twalib akijua n'na mato mabovu, ataniondoa kwenye hini nyumba." Leo nimekivunja kiapo. Nitafunga siku tatu, na dhambi iliyobaki tugawane, kwa kuwa Gunga ni wako.

Hiyo ndiyo sababu ya mstari. Na CD pia. Siku ya mzigo Mama aliipapasa bahasha, akaitoa CD, akampa Tsuma kwa ujira wa kubeba. Mimi nilikuwa juu nayapanga maboksi mengine. Tangu siku hiyo imetundikwa kwa kamba kwenye kioo cha teksi yake. Niliiona mwezi Mei kwa macho yangu, gari limeegeshwa karibu na Ngome ya Yesu, inametameta watalii wanaipiga picha. Kumpokonya mtu alichopewa na Mama mbele ya watu ni kuwaambia watu hao kwamba Mama hakujua alichotoa. Kwa hiyo nilinyamaza.

Baada ya Jumatano sikunyamaza tena. Nilimfuata Tsuma pale pale.

"Tsuma, ile CD ni ya kompyuta yangu."

"Ile yangu, dada. Nimepewa na Bi mkubwa, tena kwa mkono wa kulia."

"Hakujua ni kitu gani."

"Alijua ni zawadi. Alisema, 'Kioo hiki, Tsuma, utundike garini, upate kuwaona watalii wanaokimbia bila kukulipa.' Tangu nikitundike hajakimbia hata mmoja. Akikitaka, aje akiombe mwenyewe."

"Wajua kwamba hawezi kuja."

Akatazama upande wa bahari. "Najua tangu siku ile," akasema. "Mwenye macho hatazami kitu kwa vidole. Mimi nimemwambia nani? Hata Kadzo mke wangu sijamwambia."

"Basi niazime."

"Kuazima ni jambo jingine," akasema. "Zawadi hairudi, lakini yaazimika. Ila naja nayo mwenyewe. Nyinyi watu wa Mji wa Kale mkiazima sufuria huirudisha kwa mjukuu."

Akaifungua kamba, akaifuta vumbi kwa shati, akaja nayo. Aliketi ukumbini na kikombe cha kahawa, hakuiondolea jicho. Mashine ikaisoma kama ulivyosema, robo saa. Skrini ikazimika, ikawaka. Nikasukuma kipimo. Kikaenda. Nikafungua mchoro, na nyumba ikakaa yote: mlango, baraza, ngazi, kumbi mbili, wikio, na kile kipande cha ukuta nilichokuwa nikikikosea kwa shibiri.

Tsuma akainama. "Mbona imekuwa ndogo?"

"Imekuwa nzima."

"Ndogo," akasema. Akachukua CD yake akaenda zake. Sasa hivi iko kwenye kioo cha teksi, na huko ndiko itakakokaa.

Swali ni lile lile, mara ya nne. Mama hajui kwamba nakuandikia haya.

Mahfudha


Dubai
25 Agosti 1996

Mahfudha,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za posta, nikaisoma tena nimeketi.

Tangu mwaka jana! Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Umeniandikia habari za kipini kilichopinda, na kibano ulichokinyoshea, na paka. Na paka, Mahfudha! Macho ya mama yangu hukuyapatia nafasi kwenye karatasi. Ukaniacha nimlaumu kwa mstari. Nimemlaumu mara tatu, kwa maandishi, na wewe ndiwe uliyekuwa ukimsomea. Ulimsomea? Au uliyaruka?

Kiapo, wasema. Kiapo kilikuwa chako na chake. Mimi sikuapa kukaa gizani. Mpaka paji la uso lipasuke ndipo nipewe habari, kama jirani wa mtaa wa tatu.

Gunga nimempigia simu. Tuliyoambiana ni yangu na yake. Chai yake na aisahau.

Na baada ya yote hayo wanitaka nitie sahihi ili nyumba ibaki? Mtu asiyeona, na goti bovu, ghorofa mbili, ngazi ya mawe yenye giza hata mchana, kipandio kimoja kimemeguka tangu Baba yu hai! Uliza daktari yeyote kati ya hao wawili. Ulitaka ndiyo au la. Ndiyo. Nilitaka kuiuza, nimpe Mama nyumba ya chini Kizingo. Na tangu barua yako naitaka zaidi. Umepata jibu.

Twalib


Mji wa Kale
10 Septemba 1996

Kaka,

Nashukuru kwa jibu. Nilimsomea zote, sikuruka neno, na hii ya mwisho pia, kwa hiyo ajua kwamba nimekivunja kiapo. Aliposikia "Mama hajapata kuninyima neno" alikwenda kwenye wikio akafunga mlango.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi tatu.

Ya kwanza ni nyumba, imetoka kwenye mashine yako, kila ghorofa. Mistari myeusi ni kuta. Mstari mwekundu nimeuchora kwa mkono. Ni Mama siku ya Jumapili, kutoka alfajiri mpaka baada ya isha. Nilimfuata na penseli. Kila nukta nyekundu ni mahali anapoweka mkono: mwimo wa mlango wa wikio, kidaka cha tatu cha ukutani, kamba ya ngazini, kichwa cha msumari wa Baba pale jikoni, ukingo wa birika la mawe la kutawadhia. Kile kipandio kilichomeguka hakina nukta. Hukiruka bila kushika kitu; mimi bado nakikwaa. Alifunga dirisha kabla sijajua kwamba mvua yaja. Alimpokea muuza kahawa, akamrudishia kikombe kwa kwenda moja kwa moja. Alama moja nimeitia kwa wino mweusi, katikati ya ukumbi. Ni kiti. Nyumba nzima haina alama nyingine kama hiyo, na hiyo haikutiwa na mtu wa humu ndani.

Karatasi ya pili ni tupu. Hiyo ni Kizingo. Chora wewe.

Ya tatu ni ya sahihi. Bi Loise anafunga tarehe thelathini.

Mahfudha


Dubai
22 Septemba 1996

Mahfudha,

Barua hii anaileta Kitsao, tunayefanya naye kazi. Anafika Mombasa Alhamisi. Mwambie Mama nimemsalimu kwa jina lake, si kwa jumla.

Sahihi nimetia. Gunga ameambiwa hapana.

Usinihesabie wema. Ile karatasi tupu nimekaa nayo usiku mmoja na penseli. Nilichora geti. Nilichora ua, mlango, vyumba vitatu, vyote sawasawa, kazi safi. Nikamweka Mama mlangoni. Sikujua mkono wake wa kulia ushike nini. Nimeichana.

Lakini hujanishinda, na sijasamehe. Ulinificha. Nakuja Ramadhani, na hilo tutalikalia kitako, wewe na mimi, Mama akisikia.

Tena mchoro wako una kosa. Umeandika kidaka cha tatu. Anachoshika ni cha nne. Cha kwanza kimezibwa na kabati la Baba, na wewe umeanzia kuhesabu baada ya kabati. Rekebisha kabla hujampelekea mtu.

Twalib


Mji wa Kale
21 Oktoba 1996

Kaka Twalib,

Salamu kwako kutoka kwa watu wawili wazima, mmoja mwenye kovu. Nyuzi zimetolewa. Mama asema kovu limempa heshima, watoto wa kichochoroni wanamwamkia kwa hofu.

Kidaka ni cha nne. Nilivuta kabati nikakikuta cha kwanza, kimejaa magazeti ya Baba. Nimerekebisha. Bi Loise alipokea michoro kabla ya tarehe. Aliutazama ukuta wa wikio kwa rula, akasema, "Sasa kimeshika," akapiga mhuri. Wiki iliyopita tumepata barua. Nyumba imeingia kwenye orodha, na wikio limetajwa kwa jina. Gunga siku hizi akipita hatazami juu.

Kuhusu kukuficha, sijutii. Ningeapishwa leo ningeapa tena. Hasira zako njoo nazo. Zangu utazikuta zimekaa tayari mlangoni.

Jambo la mwisho ni la mashine. Michoro ilipokwisha, Mama alikuja kuketi mbele ya skrini kama zamani. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akaniuliza, "Nyumba imekwenda wapi?" Nikamwambia ipo, yote, mbele yake. Akasema aona ukungu. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikifurahia tangu Machi. Ile picha mbovu, yenye mistari minene kama kamba na herufi za bango, ndiyo aliyokuwa akiiona.

Nimekisukuma kipimo kurudi. Ni 640 kwa 480, rangi kumi na sita. Sasa aona mlango na nusu ya baraza. Akishiba mlango huniambia, "Sogeza," nami nasogeza, na tunapanda ngazi. Kila asubuhi twaipita nyumba yote hivyo, kipande kwa kipande, naye hunisahihisha. Usiniandikie namna ya kuirekebisha.

Mstari wa chini ni wake. Ameuandika kwa kalamu nene ya kuandikia mabango, na umepanda mlima. Herufi zake ni zile zile, utazisoma. Nami nauandika tena hapa kwa herufi zetu, usije ukasema hukuuelewa:

*Twalib mwanangu, kiti kimerudi ukutani. Ukija, usikisogeze.*